Meza ya Tatu na Kengele ya Waliopotea

Jumapili, tarehe 25 Mei. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umelala juu ya uwanda wa Aubrac, mzito na wa baridi, kiasi kwamba nilipotoka nje sikuviona viatu vyangu. Nilijua nimevivaa kwa sababu vilikuwa vinanibana.

Wiki iliyopita mliniacha ndani ya gari la Sidonie, nimekumbatia begi langu kama mgonjwa anayepelekwa kupasuliwa. Kwa aliyechelewa: mimi ni Anselme Quéméneur, Mbretoni wa pwani ya magharibi ya Ufaransa, umri miaka hamsini na sita, mkaanga chapati za maji sokoni Landerneau. Sidonie Vayssade nilikutana naye Brest, katika darasa la jioni la watu wazima. Yeye alikuja kujifunza kompyuta. Mimi nilikuja kujifunza kuandika barua ambayo mwalimu angeisoma bila kujikuna kichwa. Ya kwanza niliyoiandika bila kosa nilimpelekea yeye.

Alinijibu kwamba atanikubali kwa sharti moja. Nile kwenye meza tatu za ukoo wake, na neno la mwisho liwe la mama.

"Sihitaji ruhusa," aliniambia. "Nina miaka hamsini na miwili. Nahitaji amani. Sitaki Krismasi za kununiana."

Meza ya kwanza ilikuwa Alsace, kwa dada yake. Huko kifuniko cha chungu hufungwa kwa ukanda wa unga uliokandwa, na mwenye nyumba huuvunja mezani, wageni wote wakitazama. Mimi niliuvunja jikoni, peke yangu, nipate kuonja chumvi. Dada akasema hapana.

Meza ya pili ilikuwa Gascogne, kwa baba yake wa ubatizo. Nilimkaangia mayai kwa siagi yetu ya chumvi, katika kikaango ambacho tangu enzi za bibi yake hakijajua kitu isipokuwa mafuta ya bata bukini. Mzee alikinusa, akakifunika kitambaa kama maiti, akasema: "Aamue mama."

Basi ikabaki meza ya mama, huku juu Aubrac.

Nililala vibaya. Saa kumi na mbili asubuhi nikatoka na rozari yangu, nikatembea kwenye njia ya mawe nyuma ya nyumba, nikimwomba Mungu kitu kimoja tu: nisiharibu.

Njia ilinifikisha kwenye lango la mbao, katikati ya ukuta mrefu wa mawe. Lilikuwa wazi kabisa, kamba inaning'inia.

Sasa, mimi nimelelewa kwenye shamba la kabichi. Kwetu lango lililo wazi maana yake ni ng'ombe wa jirani mwenye kabichi zako tumboni. Nikalivuta, nikalifunga, nikaikaza kamba kwa fundo alilonifundisha marehemu baba yangu, aliyekuwa baharia. Fundo hilo halijawahi kufunguka kwa bahati mbaya. Nikarudi nikijisifu moyoni: jua halijaonekana bado, na Anselme amekwisha kumtendea mtu wema.

Sidonie alinikuta mlangoni, akanishika ukosi.

"Siagi umeiacha garini?"

"Nimeiacha."

"Niahidi."

"Nakuahidi."

Siagi ilikuwa kwenye mfuko wa ndani wa koti, imeniganda ubavuni. Msinihukumu. Wengine husafiri na picha ya mama yao.

Mama yake Sidonie anaitwa Philomène. Ana miaka themanini na mitatu, mdogo wa umbo, amevaa aproni nyeusi na soksi za sufu. Tangu tulipofika jana yake hakunikaribisha wala hakunifukuza. Alikuwa amenizunguka mara moja, kama anavyozungukwa ng'ombe wa mnada, kisha akaendelea kumenya viazi.

Siku ile ilikuwa ya Mtakatifu Urbano, siku ya kupandisha ng'ombe kutoka bondeni kwenda malisho ya juu. Kijiji kizima hungoja bandani kwa Mama Philomène. Ng'ombe wakipita na mashada yao ya maua, watu hula aligoti, yaani viazi vilivyopondwa na kusongwa pamoja na jibini changa mpaka vivutike kama uzi. Kila mwaka anayesonga ni Gervais, kaka yake Sidonie. Lakini mwaka huu mchungaji wao alikuwa ameumia goti, na Gervais mwenyewe alikuwa ametangulia bondeni usiku kuleta ng'ombe.

Saa nne Mama Philomène alisimama mbele ya sufuria ya shaba ambayo ningeweza kuoga ndani yake, akaniita kwa kidole.

"Wewe wa pwani. Sidonie anasema unasali sana."

"Najitahidi, Mama."

"Kusali si kazi. Kazi ni hii. Shika."

Akanipa mwiko mrefu kama kasia. Nikapata moyo kidogo, kwa sababu kasia nalijua. Nikavaa aproni, nikaifunga kiunoni, na fundo nikaliweka mbele, tumboni, kama nifanyavyo sokoni.

"Songa upande mmoja," alisema. "Usigeuze. Usiupige. Na usisimame mpaka mimi niseme. Ukisimama uzi unakufa. Uzi ukishakufa haufufuki, na watu mia mbili watakula udongo huku wakikutazama wewe."

"Sitasimama, Mama."

"Wote husema hivyo."

Mzee mmoja aliyekuwa anachochea moto, Baptistin, jirani yao, alicheka mpaka akakohoa. "Mama, huyu mikono yake ya chapati. Angalia! Anasonga kama anambembeleza paka."

"Baptistin, chochea moto," alisema Mama.

"Nachochea. Nasema tu kwamba bwana harusi atalia kabla ya saa tano."

Sikulia. Nilitoka jasho. Moto ulikuwa mkali, aligoti ilikuwa nzito kama tope la pwani maji yakipwa, na mabega yangu yalianza kuniambia umri wangu kwa sauti. Nilisali kimoyomoyo kwa kila mzunguko. Mzunguko mmoja, Salamu Maria moja. Nikaona inaenda.

Ndipo Baptistin akainama, akatazama mguu wangu.

"Shemeji, samahani. Mbona unavuja?"

Watu waligeuka. Kitu cha manjano kilikuwa kinashuka taratibu kwenye suruali yangu, kimeshafika kwenye soksi.

"Ni uzee," alisema mwanamke mmoja kwa huruma. "Mume wangu pia."

"Si hivyo!" nilisema, bila kusimama. "Ni siagi!"

Ningekaa kimya ingekuwa nafuu. Sidonie alifumba macho. Mama Philomène alikuja polepole, akachovya kidole kwenye koti langu, akaramba.

"Ina chumvi."

"Ndiyo, Mama."

"Nani anatia chumvi kwenye siagi?"

"Bretagne nzima, Mama."

"Masikini," alisema, akarudi mahali pake.

Sikujua kama alimaanisha mimi au Bretagne nzima. Lakini hakuninyang'anya mwiko. Sidonie alipopita karibu yangu alininong'oneza, "Uliniahidi, Anselme. Tutazungumza," na mwiko ukaongezeka uzito.

Robo saa baadaye Mama alikuja akaushika mwiko kwa mikono yake miwili, akauinua. Jamani! Uzi ulipanda. Ulipita kifua chake, ukapita kichwa chake, mweupe, mpana kama utepe wa harusi, haukatiki. Banda zima likapiga makofi.

"Kumbe lijitu hili lina mikono," alisema Mama Philomène.

Sidonie alinikonyeza. Miaka hamsini na miwili, na alinikonyeza kama msichana. Nilijisemea: Anselme, leo umepona. Endelea tu kusonga.

Ndipo kengele ya kanisa ikalia.

Mimi, kengele ikilia mchana, nasimama. Marehemu mama yangu alinizoesha hivyo kwa mkono wake wa kushoto, uliokuwa mwepesi. Hata sokoni, chapati iungue isiungue, nasimama. Basi mwili wangu ulifanya ulichozoea kabla kichwa hakijaulizwa. Niliachia mwiko. Nikavua kofia. Nikafumba macho, nikaanza kwa sauti:

"Malaika wa Bwana alimpasha habari Maria..."

Hakuna aliyeitikia. Nilidhani watu wa mlimani wana aibu ya kusali hadharani. Nikaongeza sauti ili kuwapa moyo. Nikamaliza yote, na Salamu zake tatu, nikafanya ishara ya msalaba, nikafumbua macho.

Mwiko ulikuwa umesimama wima katikati ya sufuria, wenyewe, bila kushikwa na mtu. Baptistin aliutikisa. Haukutikisika.

"Ni saa tano na dakika kumi," alisema kwa upole. "Kengele ya saa sita bado."

Nikamgeukia Mama Philomène. Nilitegemea matusi, na nilikuwa tayari. Lakini hakuwa ananitazama mimi wala sufuria. Alikuwa anatazama ukungu mlangoni, na uso wake umepauka kama majivu.

"Hiyo si kengele ya sala," alisema. "Hiyo ni kengele ya waliopotea."

Hapo juu kengele hiyo hupigwa siku za ukungu tu, mtu anapokuwa kwenye uwanda na hajulikani alipo, ili aifuate sauti. Chini ya nyasi zile kuna vinamasi ambavyo mgeni havioni, na kwenye ukungu kama ule hata mwenyeji havioni.

"Nani?" aliuliza Sidonie.

Alijibu Baptistin, macho chini. "Gervais. Alitakiwa awe amefika tangu saa nne na robo. Simu yake haishiki. Padre kaona bora apige."

Sidonie aliketi kwenye gunia la viazi. Wanaume walianza kuchukua fimbo na taa. Mimi nilisimama na kofia mkononi, siagi kwenye soksi, na maiti ya aligoti nyuma yangu. Sikujua niweke wapi uso wangu.

Mama Philomène akaja mpaka mbele yangu. Alinifikia kifuani.

"Wewe uliijua sauti ya kengele ile?" aliuliza.

Nikafungua mdomo.

"Uliisikia ukaacha kila kitu," aliendelea, hakuningoja. "Ukamwombea mwanangu. Sisi wenyewe wa hapa tulisimama kama magogo. Mgeni ndiye aliyepiga goti."

Sikuwa nimepiga goti, na sikuwa nimemwombea Gervais. Nilidhani ni saa sita, na katikati ya Salamu ya pili nilikuwa nimeanza kuwaza soseji. Hapo ndipo pa kusema ukweli, ndugu wasomaji. Ukweli ulikuwa mfupi, ungeingia kwenye sentensi moja.

"Maombi ni maombi, Mama," nilisema.

Hilo ndilo jibu la mtu aliyesoma darasa la jioni miaka miwili.

Wanawake wawili walijaribu kuung'oa mwiko. Uzi ulikatika vipande vipande kama plasta ya ukuta.

"Tunaweza kuzibia nyufa," alisema Baptistin.

"Nyamaza," alisema Mama Philomène. "Viazi ninavyo vingine. Mtoto wa kiume ninaye mmoja."

Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Alichukua mkate mkubwa wa shayiri nyeusi kutoka kwenye kapu, akauchora msalaba chini yake kwa ncha ya kisu, kama mama yangu alivyokuwa akifanya. Akakata kipande cha kwanza, kile cha mwisho wa mkate chenye ganda gumu. Akanipa mimi.

Bandani pakasikika watu wakivuta pumzi. Kipande kile katika nyumba ya Vayssade alikuwa akipewa marehemu mume wake. Tangu afe kilikuwa kinapewa kuku.

"Sidonie," alisema Mama, bila kugeuka. "Huyu nimemkubali. Anavuja, na hawezi kusonga. Lakini nimemkubali."

Sidonie alinishika mkono, analia kwa mambo mawili kwa mpigo. Nami nililia. Nilimshukuru Mungu kwa moyo wote, na wakati huohuo nilihisi aibu ndogo ikinikwaruza, kama changarawe ndani ya kiatu. Nikajiambia nitaitoa baadaye.

Hawakufika mbali. Wanaume walikuwa wamevuka mlango tu, tukasikia kengele nyingine, ndogo, nyingi. Kengele za ng'ombe.

Walitokea kwenye ukungu mmoja mmoja, wale ng'ombe wa kahawia wenye macho kama yaliyopakwa wanja. Lakini mashada ya maua yaliyofumwa na wanawake kwa wiki nzima yalikuwa yananing'inia, yamejaa matope. Nyuma yao akaja Gervais, jitu la mita mbili, limelowa mpaka kifuani, linatetemeka.

Sidonie alimkimbilia. Watu walishangilia. Mama Philomène hakushangilia. Alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza.

"Kengele ya Baronne siisikii," alisema.

Gervais alikunja uso kama mtoto. "Mama, kaa kwanza."

"Baronne yuko wapi?"

Baronne ndiye ng'ombe kiongozi. Mama Philomène alimlea kwa chupa jikoni kwake, mwaka ule aliofiwa na mume. Watu walisema wakati wa baridi ile hakuzungumza na mtu mwingine.

"Sijui alipo," alisema Gervais. "Alikuwa mbele, pamoja nami. Tulifika kwenye lango la juu, lile la nyuma ya nyumba. Nililiacha wazi jana jioni kwa mkono wangu. Kila mwaka naliacha wazi, kila mtu anajua. Nikalikuta limefungwa."

Nikaacha kutafuna mkate.

"Limefungwa na nani?" aliuliza Baptistin.

"Nikimjua nitamwogesha kwenye kinamasi kilekile. Nilipambana na kamba, vidole vimekufa ganzi. Nyuma ng'ombe wanasukuma. Baronne akachoka kungoja, akageuka akafuata ukuta, na wengine wakamfuata. Wengine nimewarudisha. Yeye kaingia kwenye ukungu. Nilisikia kengele yake chini, upande wa majimaji. Kisha sikuisikia tena."

Kule kanisani kengele ya waliopotea ikakoma.

"Na si mtu wa hapa," aliongeza Gervais. Akatia mkono mfukoni. "Hakuna mtu wa hapa anayejua kufunga hivi. Ilibidi nikate."

Akaitupa kamba juu ya meza. Katikati yake fundo lilikuwa bado zima, limekaa vizuri, nadhifu. Hata katika hali ile niliona kwamba nilikuwa nimelifunga vizuri kweli. Baba angejivuna.

Sidonie alilitazama. Kisha akatazama tumbo langu.

Pale mbele, juu ya aproni, palikuwa na pacha wake.

Nikaushusha mkate polepole, polepole, mpaka ukalifunika. Nikabaki nimesimama hivyo, nimeshika kipande cha heshima juu ya kitovu, kama mtu anayeumwa tumbo kanisani. Sidonie aliinua macho yake mpaka kwenye yangu. Hayakuwa na hasira. Yalikuwa yananingoja.

"Aliyefunga lango lile," alisema Mama Philomène, na sauti yake haikupanda hata kidogo, "hatakula kwenye meza yangu. Wala watu wake. Maadamu niko hai."

"Amina," walisema watu.

"Anselme," alisema Sidonie taratibu. "Sema."

Mama Philomène alimsikia, akanigeukia. Akaelewa kivyake.

"Ndiyo," alisema. "Wewe. Wewe si wa hapa, huna undugu na yeyote wala ugomvi na yeyote. Na unamwogopa Mungu. Hawa wataanza kulindana, nawajua. Wewe nitakuamini. Nitafutie Baronne, na nitafutie mtu huyo. Sema mbele yao, nisikie."

Padre alikuwa amefika mlangoni, kamba ya kengele imemchubua viganja. Gervais alivua kofia. Baptistin alivua kofia. Watu mia mbili waliokosa chakula kwa sababu yangu walinitazama kwa heshima ambayo sijawahi kuipata popote, hata kwenye mahafali ya darasa la jioni.

Niliomba ujasiri. Nadhani nilipewa, ila nilipewa nusu.

Nikauweka mkate mezani, kando ya kamba. Aproni ikabaki wazi mbele ya kila mwenye macho, na kwa wakati ule ni Sidonie peke yake aliyekuwa anatazama chini.

"Naahidi mbele ya Mungu, mbele ya Padre na mbele yenu nyote," nilisema, na sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyoituma, "kwamba sasa hivi naingia kwenye ukungu kumtafuta Baronne. Na kabla kengele ya jioni haijalia, mtu aliyefunga lango lile atakuwa amesimama hapahapa, mbele yako, Mama, kofia mkononi."